Koti Lililozikwa Bila Mwenyewe

Malangali,
Iringa.
Jumapili, 17 Oktoba 1976.

Mpendwa mdogo wangu Bartolomeo,

Mtu mwenye akili zake hatumi koti lake kwa ndugu zake bila yeye mwenyewe kuwa ndani yake, na kama hayumo ndani yake basi barua iwe mfukoni. Wewe umetuma koti, umetuma nishani zote za vita vyako, maneno umebaki nayo huko Tanga. Kwa ujinga huo tumekulilia, tumenyoa vichwa, tumekuzika. Futa miwani usome tena. Tumekuzika. Una kaburi hapa.

Sasa salamu, maana mama alitufundisha kwamba hata mgomvi husalimiwa kwanza. Kamwene, mlumbu wangu. Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo? Miguu inasemaje? Kile kifua ulichorudi nacho kutoka vitani bado kinakubana, au joto la huko limekitibu? Unakula nini, na nani anakupikia? Mimi sijambo. Magoti yanalia nikiinuka, na jino moja la mbele limeniaga, lakini shamba langu nalima mwenyewe na maji nachota mwenyewe. Edmund mwanangu mzima, yuko kule kule Ilomba, Mbeya, na useremala wake. Wajukuu wazima, wanakula kama nzige. Mama mdogo Evarista yupo. Habari zake ziko mbele, na usiziruke.

Usijiulize nani kaniandikia. Naandika mwenyewe. Tumesomeshwa elimu ya watu wazima, jioni, baada ya shamba, sisi wazee tumebanana kwenye madawati ya watoto. Herufi zangu zinatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, lakini zinasomeka. Ningeweza kumwomba mwalimu aniandikie, ila walimu wanatia sukari, na mimi nataka hii uimeze kama ilivyo.

Nakueleza yaliyotokea ili usije ukasema dada alikuhukumu bila kesi.

Mwezi wa nane yule dereva wako wa lori alipita Igawa, akasimama kwa mzee Ndalahwa. Ndalahwa ni Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe zake, mkewe huwapikia madereva, na milango ya nyumba yake yote kaitengeneza Edmund. Siku hiyo Ndalahwa alikuwa mnadani. Dereva akamwachia mama wa nyumba furushi, akasema ni la Edmund fundi seremala wa Ilomba, akapanda lori lake akakimbilia wenzake waliomtangulia. Hakusema limetoka kwa nani, hakusema mwenyewe mzima au mgonjwa.

Ndalahwa alilipeleka mwenyewe mpaka Ilomba. Edmund ananiambia aliingia akakataa kiti. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Fundi," akasema, "nimekuletea mzigo. Sijaufungua, ila nimeushika. Ni nguo ya mtu."

Edmund akafungua juu ya meza yake ya kurandia. Koti lako lile zito la bluu, la majini, lenye vifungo vya nanga. Na kifuani, upande wa moyo, nishani zote zimepangwa kwa mstari, za majini na za nchi kavu, kama siku ulizokuwa ukizivaa Pasaka. Mifuko mitupu.

Wewe ungefikiri nini? Sema mwenyewe. Hapa kwetu nguo ya mwanamume mzima haisafiri peke yake. Ikija peke yake, mwenyewe amelala. Na wewe unalijua hilo kuliko Edmund, kwa sababu ulikuwepo shuka ya baba ilipoletwa kutoka mashamba ya mkonge. Ulikuwa umeshika nguo yangu kwa nyuma. Mama alipoiona shuka tu mkononi mwa yule mtu, kabla hajafungua mdomo, alikaa chini. Ulisahau? Mtu aliyeona shuka ile anawezaje kutuma koti?

Basi Edmund alipanda basi na koti mapajani, akafika hapa. Nililiona koti tu. Nilikaa chini kama mama alivyokaa, ila siwezi kusema pale pale, kwa sababu nyumba yenyewe ile haipo tena. Unajua tumehamishwa kuja huku barabarani, kijijini. Nyumba tulibomoa, miti ya paa tukabeba. Makaburi hayabebeki. Yamebaki kule mahame, na mama yuko kule, na karibu naye palikuwa na nafasi.

Baba mdogo Marcelino, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, akasema mwili hauko lakini koti liko, na mtu hawezi kuzurura nje kama mbwa kwa kukosa shimo. Tukachimba. Wamama walilia vizuri, siwezi kukunyima sifa hiyo. Watu walikuja mpaka wa kutoka Mafinga. Ulisifiwa kwa mambo ambayo hukuyafanya.

Palipotaka kuwa na ugomvi ni kwenye nishani. Koti limeshakunjwa, limevikwa sanda, mimi nikaingiza mkono nikaanza kuzibandua.

"Rozalia," baba mdogo akasema, "ziache ziende naye. Ndilo jasho lake."

"Jasho lake limo kwenye koti, linanuka mpaka hapa," nikamwambia. "Hivi ni vyuma vya Mwingereza, na Mwingereza simlazi ubavuni mwa mama yangu."

Watu wakacheka hapo hapo kaburini. Baba mdogo mwenyewe akafunika mdomo kwa mkono. Lakini wewe nakwambia kweli: sikuwa na shida na Mwingereza. Nilitaka kubaki na kitu cha kushika.

Nilizisafisha kwa majivu na limau. Zile nyota zilikuwa zimeota kutu ya kijani, ndiyo hewa ya chumvi hiyo unayoisifia. Nikazitia kwenye kibuyu cha mbegu za ulezi, na humo zimo. Hakuna mwizi anayeiba mbegu ya kikongwe.

Sasa sikia Mungu alivyo. Mwezi uliopita yule dereva alirudi kutoka Zambia, akasimama tena Igawa kula. Safari hii Ndalahwa alikuwepo. Akamwambia, "Pole kwa msiba wa yule mzee uliyeleta nguo zake."

Dereva akaacha tonge hewani. "Mzee yupi?"

"Mwenye koti."

"Mzee Batolo? Amekufa lini? Mimi nimemwacha Tanga anagombana na muuza samaki!"

Ndalahwa hakubishana. Alichukua ufunguo wa lori pale mezani, akautia ndani ya kofia yake, akaivaa kofia. Akasema, "Kula polepole. Hutoki hapa mpaka fundi afike." Akamtuma mtu Ilomba. Edmund alipofika alimkuta dereva ameshakula ugali wa watu watatu kwa hasira.

Ndipo maneno yako yalipotoka, yamechacha kama pombe ya komoni ya wiki jana. Kwamba ulimwambia: peleka hivi kwetu, vizikwe karibu na mama. Ukasema: mimi miguu haifiki tena. Kwamba sina mtoto wa kumwachia. Kwamba mama sikumzika kwa mkono wangu, basi nishani zimkae karibu badala yangu, mimi watanizika majirani hapa hapa.

Edmund alinikuta napukuchua mahindi. Aliponiambia nilicheka, kisha nikalia, kisha nikakasirika, na hapo ndipo nimebaki mpaka leo.

Ungefikiri jambo limekwisha: mtu hai, watu wafurahi, koti litolewe. Haliko hivyo. Nilimwendea baba mdogo nikamwambia tukafukue. Akakataa. Akasema kaburi la mtu hai halifukuliwi na mwingine. Aliyewekwa humo ndiye anajitoa. Mwingine akitia jembe pale, anaitoa nguo na kuacha nafasi, na nafasi ya kaburi haipendi kukaa tupu. Nikasema huo ni ushamba. Nikaenda kwa katekista Liberatus, mtu wa dini, ana nguvu za kubeba gunia.

"Mama Rozalia," akasema, "hilo ni koti tu. Hakuna kitu pale."

"Vema," nikasema, nikampa jembe.

Akakumbuka ana mafundisho ya watoto wa komunyo.

Mimi mwenyewe nilikwenda mpaka pale mahame peke yangu, asubuhi, nikasimama na jembe. Sikulishusha. Unajua mimi si mwoga. Lakini niliangalia kile kituta, na cha mama pembeni yake, nikaona kama ninataka kukuamsha kwa kukupiga. Nikarudi. Usimwambie baba mdogo.

Tena baba mdogo anasema hivi, na hapo simbishii: mvua ya kwanza ikilishukia kaburi, majani yakaota juu yake, basi limekupokea. Ukija baada ya hapo utapewa kiti na chakula kama mgeni yeyote mwema, lakini kwenye kikao cha ukoo huketi, na jina lako halitajwi na walio hai. Kwenye mashamba ya kule mahame hakuna anayetaka kulima mwaka huu. Wanawake wanapita mbali. Mawingu yameanza kukaa upande wa Usangu kila alasiri.

Nimekuambia habari za mama mdogo Evarista ziko mbele. Ndizo hizi. Yule ndiye aliyekunyonyesha mama alipougua, unajua, na hajawahi kuacha kukuita mtoto. Siku ya koti alinyoa kichwa kama sisi wote. Sisi nywele zimeota. Yeye hapana. Zikianza kuchomoza anaita wembe. Anakaa kwenye ngozi, amefunga kaniki, haendi kanisani, hapokei mkono wa mtu. Nilimwendea na habari njema, nimechuchumaa, nimesema polepole.

"Mama mdogo, Bartolomeo yu hai."

"Mmemwona?"

"Hatujamwona. Kuna dereva kasema."

"Dereva ndiye aliyeleta koti," akasema. "Leo dereva huyo huyo analeta uzima. Nenda, Rozalia. Niletee wembe."

Nikamletea wembe. Wewe unalo jibu la kumpa? Yule mama haoni vizuri, hasikii sana, na kila nikipita asubuhi nasikiliza kwanza kama anapumua kabla ya kubisha. Akifa leo, amekufa akikulilia, na wewe uko Tanga unagombania samaki.

Sasa nije kwenye sababu zako, moja moja.

Miguu haifiki. Nani amekuambia utembee? Wachina wamemaliza reli. Unapanda basi mpaka Dar es Salaam, unapanda treni, unakaa kwenye benchi kama bwana, unashuka Makambako. Hapo Edmund atakuwepo na gari la mtu au baiskeli. Ikishindikana baiskeli atakubeba mgongoni, mimi nilikubeba mgongoni kutoka hapa mpaka kwa wajomba siku mama alipougua, nawe ulikuwa mzito na unapiga teke.

Huna mtoto. Edmund anakuita nani? Alipodhani umekufa alilia kwenye basi lote, watu wakampisha kiti. Mtoto wa dada yako akikulilia namna hiyo unasema huna mtoto, basi wewe umezeeka vibaya.

Hukumzika mama. Hilo nilikuwa najua linakula moyo wako. Simu ya posta ilichelewa, haikuwa kosa lako, na hakuna mtu hapa aliyewahi kulisema. Ulikuja baadaye, ukasimama pale na koti lako jua linawaka, hukulia, hukukaa, kesho yake ukaondoka. Miaka yote hii umekuwa ukimlipa kwa kukaa mbali. Mama hakukudai deni lolote. Anayelidai ni wewe.

Nami nafikiri liko jingine chini ya hayo. Uliporudi kutoka vitani, watu walikuja kukuuliza habari. Vijana walicheka kwamba Mhehe aliyeogopa kuvuka Ruaha kwa mtumbwi ameitwa mwanamaji. Ukawaeleza habari za meli ya Mombasa ya kufagia mabomu baharini, na mama akauliza bahari inafagiliwaje, haina vumbi. Tulicheka mpaka machozi. Ukaonyesha utepe wa ile nyota moja, huu mstari wa bluu maji, huu mwekundu nchi kavu. Halafu mtu akakuuliza, na huko Bama kwa Wajapani, na jeshi la Keya la Mwingereza, ilikuwaje? Ukasema, "Baharini nilifagia. Bama nikachafua." Hukusema zaidi siku ile wala siku nyingine.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia. Sikuwa nimesoma, lakini nilielewa. Ndiyo maana ukienda kanisani ulikuwa unatanguliza mkono juu ya nishani za Bama, unaacha za majini zionekane.

Basi kama linalokuzuia ni hilo, sikiliza vizuri. Siku uliyorudi, mama hakukuacha uingie mlangoni. Alikuzungusha uani, akachota maji, akatia unga, akakunyunyizia kichwani, kifuani, mikononi pande zote, akakuambia Nguluvi, Mungu wetu, amekuona, ingia. Hakukuuliza ulichofanya. Alijua mtu hatoki vitani na mikono mikavu. Alimaliza pale. Jambo lililomalizwa na mama, wewe nani kulianzisha tena? Na unataka kumrudishia vyuma vyenyewe vilivyokuchafua, umlaze navyo? Mama yetu alitaka udongo wake umlaze yeye tu, bila chuma. Sizitii nishani pale, hata ukifa kweli. Utakapokufa kweli utakuja wewe, na mwili wako wote, na hilo tutalisema siku nyingine.

Wala sikuambii uzitupe. Uzivae. Zote, za majini na za Bama, kifuani, wazi. Aliyekwenda na kurudi ni mmoja.

Huku mengine ni mazuri. Mahindi yalikubali mwaka jana. Bomba la maji wanasema litafika kijijini, wanasema. Ng'ombe wangu mmoja amezaa dume jekundu, ana hasira, tumempa jina lako wakati wa msiba na sasa tunaona aibu kumwita. Ndalahwa anakusalimu, anasema anataka kumwona maiti anayegombana na muuza samaki. Baba mdogo Marcelino anakusalimu na kukuambia ameshachagua mtu wa kukunyunyizia unga, ndiye mimi, kwa kuwa mama hayupo. Apolonia mke wa Edmund anakusalimu, ameshafuma fulana ya baridi kwa sababu anasema watu wa pwani hufa kwa umande wetu. Na wewe nisalimie wote wanaokutunza huko, hasa huyo jirani aliyekubali kukuzika. Mwambie asante, ila asichimbe.

Mungu akupe pumzi ya kufika, Mama Maria akushike mkono kwenye ngazi za treni, maana ziko juu.

Ukishapata tikiti mwandikie Edmund siku utakayoshuka Makambako. Kuandika sasa umeona faida yake. Ukifika usije kwangu kwanza, sitakufungulia. Pita moja kwa moja mahame. Baba mdogo atakuwepo, mimi nitakuwepo na maji ya unga, mama mdogo Evarista tutambeba na ngozi yake tumkalishe pale akutazame kwa macho yaliyobaki. Jembe utashika wewe. Utajichimbua mwenyewe, utalikung'uta koti mbele yake alisikie, utalivaa. Nishani nitakubandika mimi, mkono wangu ndio uliozibandua.

Ulezi hupandwa mvua ikianza, na mbegu zangu ziko kibuyu kimoja na nyota zako. Siwezi kumwaga hiki nikaacha kile. Kwa hiyo hata shamba langu linakungoja.

Mimi dada yako niliyekubeba, ninayekupenda hata nikikuchapa,

Rozalia Kalinga

Jembe limeshatiwa mpini mpya, mfupi, wa kimo chako. Wahi mvua.